Saa Sita Lodwar na Mtoto Mdogo: Panga Pesa Yako Kabla Jua Halijawa Kali

Ndege ya asubuhi kutoka Nairobi imetua Lodwar, na gari la kukupeleka Kakuma litatoka alasiri. Au kinyume chake: umetoka Kakuma alfajiri kwa Probox ili ndege isikuache, na sasa ni saa tatu asubuhi na safari yako ni ya saa tisa. Katikati hapo kuna saa tano, sita hivi, kuna mizigo, na kuna mtoto wa miaka miwili ambaye hajui maana ya "ngoja kidogo".

Wateja wetu wanaopita njia hii huwa na maswali yanayofanana. Nitalipa kwa simu kila mahali? Nibebe pesa taslimu kiasi gani? Mtandao ukigoma je? Leo tunayajibu, na tunaongeza jinsi ya kumtembeza mtoto mjini, maana mambo haya mawili hayaachani. Mtu mzima anaweza kusimama juani dakika ishirini akingoja meseji ya malipo. Mtoto mdogo hawezi. Lodwar ni mji wa joto: mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Kwa hivyo ushauri wetu mkubwa ni huu mmoja: gawa pesa yako kabla hujatoka uwanjani, ili maji, kivuli na usafiri wa mtoto visitegemee simu peke yake.

Gawa pesa ya siku mara tatu

Tuchukue mfano. Umetenga shilingi 4,000 za siku hiyo, mbali na nauli ya ndege uliyokwisha kulipa. Hizi ni hesabu za mfano tu, si bei za Lodwar. Wewe weka kiasi chako.

Fungu la kwanza, shilingi 1,000, liwe pesa taslimu ndogo ndogo: noti za 50, 100 na 200, na sarafu za 10 na 20. Hili ni la maji, ndizi, choo cha kulipia na vitu vya kibandani. Ukimpa mama wa kibanda noti ya elfu moja kununua chupa ya maji, atatuma mtu azunguke kutafuta chenji, na wewe umesimama hapo na mtoto analia.

Fungu la pili, shilingi 2,000, libaki kwenye simu. Hili ni la malipo yanayohitaji rekodi: chumba cha kupumzika, chakula cha mchana, gari la kwenda Kakuma au teksi ya kurudi uwanjani. Hapa simu ni bora kuliko noti, kwa sababu ukilipa unabaki na meseji yenye jina, saa na nambari ya muamala.

Fungu la tatu, shilingi 1,000, ni la dharura. Liwe pesa taslimu pia, lakini lisikae pamoja na fungu la kwanza. Liweke ndani ya begi la nepi, au mfuko wa ndani wa nguo yako. Usiliguse kwa sababu umeona kikapu kizuri. Ni la siku ambayo simu imezima, mtandao umepotea, na mtoto ameanza kutapika.

Labda unajiuliza, kwa nini nisitoe zote zikawa taslimu? Kwa sababu noti ikipotea imepotea. Pesa iliyo kwenye simu inalindwa na PIN yako, na hata simu ikiibwa, laini inaweza kufungwa na salio lako likabaki. Na kwa nini nisiache zote kwenye simu? Kwa sababu simu inaweza kuisha chaji saa nane mchana, na kiu ya mtoto haingoji soketi.

Toa pesa hiyo kabla ya safari, mahali ambapo huna haraka. Lodwar ina mawakala, lakini wakala anaweza kuishiwa na pesa taslimu, hasa siku ambayo watu wengi wamepokea pesa. Ukilazimika kutoa ukiwa Lodwar, fanya hivi:

Uliza kwanza: "Una elfu moja ya kutoa?" Usianze muamala kabla hajajibu.

Toa mara moja kiasi cha kukutosha. Ada ya kutoa inakatwa kila unapotoa, kwa hivyo ukitoa mia tatu mara tatu umelipa ada mara tatu.

Beba kitambulisho halisi, si picha yake kwenye simu. Wakala atakiomba.

Weka PIN mwenyewe. Hata kama mtoto amelala begani na mkono mmoja tu ndio uko huru, usimpe mtu simu akubonyezee. Keti chini, mlaze mtoto mapajani, halafu bonyeza.

Saa ya kwanza: mizigo na kivuli

Uwanja wa Lodwar uko ukingoni mwa mji, kwa hivyo kuingia mjini si safari ndefu. Tatizo ni mizigo. Usitegemee kupata mahali pa kuiacha uwanjani. Wasafiri wengi wenye watoto hufanya jambo moja la busara: wanachukua chumba cha hoteli kwa saa chache za mchana. Mwambie mhudumu wazi kwamba hulali, unataka kupumzika hadi saa fulani, kisha mpatane bei. Chumba chenye feni, maji ya kuoga na kitanda cha mtoto kulala mchana kitakusaidia kuliko matembezi yoyote utakayofanya siku hiyo.

Hili ndilo litakuwa pengine lipo lako kubwa la kwanza, kwa hivyo lilipe vizuri. Omba nambari ya tili ya hoteli. Ukishaiweka pamoja na kiasi, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina liwe la hoteli hiyo, au jina ambalo mhudumu amekuambia mapema. Likiwa geni, simama hapo na uulize. Ukilipa, ngoja meseji, kisha mwonyeshe mhudumu, naye athibitishe kwenye simu yake.

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Ukilipa kwa tili, kwa kawaida wewe mnunuzi hukatwi ada. Ukituma kwa nambari ya kibinafsi ya mtu, unaweza kukatwa ada ya kutuma, na yeye atakatwa akienda kutoa. Ndiyo maana utasikia mtu akikuambia, "Tuma na ya kutoa." Si wizi, anajaribu tu kupata bei yake kamili. Lakini una haki ya kuuliza kwanza: "Uko na tili?"

Kuhusu usafiri wa hapo mjini, boda ni nyingi na ni za haraka. Hata hivyo, kwa sheria pikipiki inabeba abiria mmoja, na mtoto wa miaka miwili hawezi kujishikilia. Kwa mtoto, tafuta teksi. Patana bei kabla ya kuingia, na ujue kama dereva anataka taslimu au simu. Kubishana juu ya malipo mmefika, mlango uko wazi na jua linaingia, ni shida ambayo sekunde tano za mwanzo zingeimaliza.

Asubuhi: tembea kabla ya saa tano

Ukifika mapema, tumia saa za baridi. "Baridi" ya Lodwar ni neno la kujifariji, lakini kati ya asubuhi na saa tano mtoto bado anaweza kutembea.

Kitu kinachoonekana ukiwa mjini ni sanamu ya Yesu iliyo juu ya kilima, imenyoosha mikono juu ya mji. Ukipanda kule unauona mji wote, na mstari wa kijani wa miti inayofuata mto Turkwel. Kama mtoto wako ni wa kubebwa, panda mapema sana au ungoje jua lishuke. Katikati ya mchana kaa chini uitazame kutoka kivulini, inatosha.

Kwa wanaopenda historia, Lodwar ina nafasi yake katika hadithi ya uhuru wa Kenya. Jomo Kenyatta, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung kaskazini zaidi, aliletwa Lodwar mwaka wa 1959 akawekwa kizuizini hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Nyumba aliyokaa ingalipo mjini. Uliza wenyeji njia, na uulize pia kama iko wazi siku hiyo kabla ya kulipa teksi. Mtoto hatajali historia, lakini ni ziara fupi, na wewe utakuwa na la kusimulia ukifika Kakuma.

Halafu kuna vikapu. Wanawake wa Turkana husuka vikapu na mikeka kwa majani ya mkoma, mnazi-mwitu unaoota kando ya mito hapa. Kikapu ni zawadi nzuri, na tena ni chombo cha kufanyia kazi: ndani yake utaweka nepi, maji na ndizi za safari iliyobaki. Salimia kwanza. Neno "Ejoka" litakufungulia mlango, na ukimaliza sema "Alakara" kushukuru. Ukitaka picha ya mtu, omba ruhusa kabla ya kuinua simu.

Hapa ndipo fungu la kwanza linapofanya kazi. Msusi anaweza kuwa na simu ndogo ya vibonyezo na anapokea pesa kwa nambari yake mwenyewe, au anataka taslimu tu. Ukituma, msomee kwa sauti jina lililotokea: "Ni wewe?" Akikubali, weka PIN. Usiondoke kabla meseji haijaingia kwenye simu yake, kwa sababu meseji iliyo kwako haimwambii yeye kwamba pesa imefika.

Saa tano hadi saa tisa: usipigane na jua

Saa hizi ni za kula, kunywa na kulala. Usione kana kwamba unapoteza muda. Hata wenyeji wako kivulini.

Chakula hakisumbui. Kuna samaki kutoka Ziwa Turkana, nyama ya mbuzi, ugali, wali, maharagwe, chapati. Kwa mtoto, agiza kitu kilichoiva moto na uombe kisiwe na pilipili. Samaki mchambulie mwenyewe, miba ni midogo. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na mpe mtoto mara kwa mara hata kama haombi. Beba pakiti mbili za ORS kwenye begi la nepi. Ukiona mtoto amelegea, mdomo umekauka, au nepi imekaa kavu saa nyingi, usingoje gari la Kakuma. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo hapo Lodwar. Nenda kwa teksi na ulipe kutoka fungu la tatu. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wakati mtoto amelala, chaji simu. Kisha fanya mambo matatu: angalia salio, hakikisha nambari ya dereva au ya ndugu anayekungoja imehifadhiwa, na uiandike pia kwenye karatasi. Karatasi haiishi chaji.

Na je, twende tukaone ziwa?

Swali hili huja kila mara. Ramani inaonyesha Kalokol kama kilomita 60 tu kutoka Lodwar, na Eliye Springs pia si mbali. Upande huu huu wa magharibi wa ziwa, lakini mbali zaidi kaskazini, kuna Nariokotome, ambako Kamoya Kimeu alipata mwaka wa 1984 mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, yule anayejulikana kama Turkana Boy. Nani asingetaka kwenda?

Ukiwa na saa sita na mtoto mdogo, jibu letu ni hapana. Gari likikwama kwenye mchanga, au tairi likipasuka, utakosa ndege au gari la Kakuma, na utakuwa mahali ambapo huenda simu yako haishiki mtandao. Kama safari yako ina usiku mzima katikati, hapo ni sawa: lala Lodwar, nenda ziwani alfajiri, na ulipe gari nusu wakati wa kwenda na nusu mkirudi salama.

Mtandao ukigoma katikati ya malipo

Hili ndilo linalowachanganya wengi. Umeweka PIN, skrini imezunguka, kisha kimya. Mwuzaji anakutazama, mtoto anavuta nguo. Mkono unataka kurudia. Usirudie.

Muamala usiojibu unaweza kuwa katika hali mbili: umeshindikana, au umekubaliwa na meseji ndiyo imechelewa. Ukirudia haraka na ule wa kwanza ulikuwa umepita, umelipa mara mbili. Fuata mpango huu:

Kwanza, angalia salio. Kama pesa imepungua kwa kiasi kile, malipo yamepita. Ngoja meseji tu.

Pili, kama salio halijabadilika, ngoja dakika chache kisha uangalie tena. Katika dakika hizo, mlipe mwuzaji kwa taslimu kama ni kitu kidogo, hasa kama ni cha mtoto kula au kunywa. Kama baadaye utaona malipo ya simu pia yamepita, mwuzaji ataiona kwenye simu yake na mnaweza kurudishiana.

Tatu, tumia menyu ya kupiga, ile inayoanza na nyota na kuishia na reli, badala ya programu. Menyu ya kupiga haihitaji bando la intaneti na hufanya kazi hata kwenye simu ndogo. Ukiwa safarini kati ya Lodwar na Kakuma, hii ndiyo rafiki yako.

Kama umetuma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana nasi papo hapo uombe muamala urudishwe, ukiwa na ile meseji. Dakika zinahesabika, kwa sababu aliyepokea akishaitoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu. Tupigie kwa nambari yetu rasmi iliyo kwenye menyu. Usitafute nambari kwenye mitandao ya kijamii, maana matapeli huweka zao huko.

Simu mikononi mwa mtoto

Tuseme ukweli: saa nne za kungoja, na kila mzazi atampa mtoto simu aangalie katuni. Hatukukatazi. Lakini chukua tahadhari.

Fungua katuni kwanza, kisha mpe. Usimpe simu ukiwa katikati ya muamala au menyu ya malipo iko wazi. PIN ya pesa isifanane na ile ya kufungua skrini, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anakariri vidole vyako haraka kuliko unavyofikiri, na mtoto mkubwa aliye karibu anakariri haraka zaidi. Akibonyeza PIN isiyo sahihi mara kadhaa, huduma inaweza kufungwa, na kuifungua utahitaji kujitambulisha. Hilo hulitaki saa nane unusu, dereva akipiga honi.

Jambo jingine ni chaji. Katuni zinakula betri. Kama simu ndiyo iliyobeba fungu la pili, katuni ziishie asilimia 50. Ukiwa na simu ya pili ya zamani, weka katuni humo na uiache bila laini ya pesa.

Simu za ujanja wakati wa safari

Tapeli anapenda mtu aliyechoka, na mzazi anayengoja safari na mtoto amechoka. Jihadhari na hizi:

"Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Angalia salio, si meseji. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Na hata kama pesa imeingia kweli, usitume mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake, na wewe utujulishe.

"Ndege yako imeahirishwa, tuma ada ya kubadilisha tiketi kwa nambari hii." Kata simu. Uwanja uko dakika chache, nenda ukaulize, au mpigie aliyekuuzia tiketi kwa nambari uliyo nayo tayari.

"Mimi ni dereva wa Kakuma, tuma nauli yote nikushikie viti." Magari mengi ya njia hii huondoka yakijaa, na kushika kiti ni jambo la kawaida. Lakini lione gari kwanza, lipa sehemu tu, na uweke meseji. Nauli iliyobaki lipa ukiwa umekaa ndani.

Alasiri: kwenda Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, kuelekea kaskazini-magharibi kwa barabara inayoendelea hadi Lokichoggio. Panga ufike kabla ya giza. Kama mvua imenyesha, uliza kuhusu malaga. Laga iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi inaweza kujaa maji kutoka milimani hata kama hapo ulipo hakujanyesha, na magari hungoja yapungue. Kwa hivyo beba maji, maziwa na nepi za kutosha saa tano, si mbili. Vinunue Lodwar kwa taslimu iliyobaki katika fungu la kwanza.

Mtoto akae na nani, na wapi? Mwulize dereva mapema. Kama unataka kumlipia kiti chake badala ya kumpakata, patana na ulipe pamoja na chako, meseji iwe moja.

Ukingoja upande wa Kakuma

Kwa wengine kungoja kunatokea Kakuma, kabla ya gari au ndege. Kakuma imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani mwaka wa 2016. Huko watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na Sudan wanauza na kununua kila siku. Masoko ya Wahabeshi na Wasomali yanajulikana mbali. Injera laini na shiro isiyo na pilipili humfaa mtoto vizuri, na wewe utapata kahawa iliyochemshwa mbele yako. Kama wewe ni mgeni wa kutoka nje, uliza mwenyeji wako kuhusu ruhusa ya kuingia kambini kabla hujaanza kutembea.

Pesa ya simu si ngeni huku. Tangu 2015, familia nyingi zimepokea sehemu ya msaada wa chakula kupitia simu, kwa mpango wa Bamba Chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, wakanunua kwa wafanyabiashara wa hapo hapo. Kwa hivyo utakuta duka dogo la mabati lenye nambari ya malipo ukutani, na kando yake kibanda cha kuchaji simu kwa sola.

Kwa wateja wetu walio wakimbizi, tuna mambo mawili. Kwanza, ukisafiri kwenda Lodwar au Nairobi, weka kibali cha kusafiri na kitambulisho mfuko mmoja, mbali na pesa, kwa sababu wakala naye atakiomba kitambulisho. Pili, kama ndugu aliye Marekani, Kanada au Australia anakutumia pesa ya safari, mpe jina lako kama lilivyosajiliwa kwenye laini, herufi kwa herufi. Jina lisipolingana, pesa inaweza kukwama siku ile ile unayoihitaji. Mwombe atume siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Kabla hujatoka nyumbani, kagua hivi

Noti ndogo ziko mfuko wa karibu, pesa ya dharura iko kwenye begi la nepi.

Simu imejaa chaji, na waya wa kuchaji umebebwa.

Salio umeliona leo, si wiki iliyopita.

Kitambulisho halisi kipo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto pia. Mashirika mengi ya ndege hutoza mtoto aliyetimiza miaka miwili kiti chake, na huenda ukaulizwa umri wake.

Nambari ya dereva na ya ndugu mmoja zimeandikwa kwenye karatasi.

Ndugu huyo anajua uko njiani, na amekubali kukutumia pesa ukikwama. Mpigie sasa umwambie ni saa ngapi utapita Lodwar.

Safari njema, na ukifika Kakuma, mpe mtoto maji kwanza, halafu utujulishe kama umefika.